Kipimo cha Mgeni

Kikuku kiliamka Leokadia alipovuka kizingiti.

Kwa miezi mitatu kilikuwa kimelala kwenye kifundo cha mkono wa Bibi Auleria, chembamba na cheusi, kama pambo la kurithi. Sasa kilifungua jicho lake dogo la kijani kwa sababu ufunguo ulikuwa umeingia nyumbani, na ufunguo ulikuwa shingoni mwa Leokadia, chini ya kola. Akitoka nao, jicho lingefumba. Ndivyo sheria ilivyotaka. Zamani kidogo watu waliandamana nchi nzima wakisema hawataki serikali ihesabu vijiko vyao, na tangu hapo hakuna chombo kilichoruhusiwa kutazama ndani ya nyumba ya mtu ila awepo binadamu wa kutazama nacho.

Leokadia Rwezaura alikuwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Kazi yake ilikuwa kuwarudisha watu kwenye kazi zao ndogo za kila siku: kuvaa, kuoga, kupika, kuvuta komeo la mlango. Aliwafundisha vijana kazi hiyo kituoni mjini Bukoba, na mara kwa mara alipanda vilima kwenda kuwapima wagonjwa makwao. Bibi Auleria wa Kamachumu alikuwa mgonjwa wake tangu kiharusi kilipomwangusha na kuuacha mkono wake wa kulia ukining'inia kama jani la mgomba baada ya upepo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, waitu, mwenzetu. Huko Bukoba mnakula nini siku hizi, karatasi? Mgongo wako unaonekana kwa mbele."

Koti lilikuwa limetundikwa msumarini nyuma ya mlango. Lilikuwa la kijivu, jepesi kama kanga, limefumwa kwa nyuzi zinazojikunja zikipitiwa na umeme mdogo, sawasawa na msuli unavyojikunja. Mtu aliyepooza akitaka kuinua mkono, ubongo bado hutuma agizo, ila agizo hufika limedhoofika mno. Koti hulisikia kwenye ngozi na kulimalizia. Ndani ya koti Bibi Auleria alijivisha, alijipikia, alikwenda msalani bila kushikwa. Lakini siku ya kupimwa koti huvuliwa, maana kinachotafutwa ni nguvu ya mtu mwenyewe. Makoti yalikuwa machache mkoani na wenye kuyahitaji walikuwa wengi. Aliyepata chini ya sitini katika mia alipewa koti, au aliachiwa alilonalo. Aliyepita sitini, koti lake lilikwenda kwa aliyefuata.

Bibi hakuketi. Aliliendea kabati, mguu ukiburuta kidogo, akatoa kikapu cha kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo nyumba ya Kihaya haiwezi kumpokea mgeni bila kuzitoa. Alikishika kwa mikono miwili, wa kushoto ukibeba, wa kulia ukisindikiza. Akatafuna moja yeye kwanza, kama ilivyo desturi ya mwenye nyumba, kisha akamkaribisha Leokadia, naye akachukua kwa adabu, goti likikunjwa kidogo.

Baada ya hapo alimenya ndizi. Ganda moja lilichukua muda ambao mwanamke mzima angemaliza nusu ya mkungu, lakini lilitoka, na lililofuata likatoka. Alizipika. Alibadilisha gauni, akafunga vifungo mwenyewe. Alitoka uani akarudi. Jasho lilimsimama juu ya mdomo, naye Leokadia akaliona na asilifanyie kitu, kwa kuwa kipimo kilikuwa na maswali ya muda, ya usalama na ya kukamilisha kazi, na jasho halikuwa na swali lake. Wakati wote huo Editha, mke wa mtoto wa Bibi, alisimama mlangoni mikono kifuani. Kila alipojaribu kusogea kusaidia, jicho la mama mkwe lilimrudisha alipokuwa.

Walipokwisha kula, kikuku kilijumlisha. Sabini na moja.

Leokadia alifurahi, na hakuificha furaha yake. Huyu alikuwa mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimfundisha upya namna ya kushika kijiko. Akamweleza kwamba amevuka, kwamba siku ya Ijumaa gari la kituo litakuja kuchukua koti limpelekee fundi seremala mmoja wa Muleba aliyekuwa akingoja. Bibi aliitikia kwa utulivu wa mtu aliyeambiwa kuwa mvua imenyesha kijiji cha pili. Akamtaka Leokadia aongeze ndizi.

Editha alimsindikiza, kama mgeni anavyosindikizwa, hadi njia ilipotoka kwenye migomba. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika sekondari ya pale kilimani, mwanamke wa maneno machache na viatu safi. Gari lisilo na dereva lilipojifungua mlango, ndipo alipouliza.

"Dada, leo umempima nani?"

Leokadia alidhani hakusikia vizuri.

"Nakuuliza umempima nani, maana huyo uliyemwona mimi humwona unapokuja tu. Tangu ujumbe wako wa kuja ufike, mama hakutoka kitandani hadi leo. Anajiweka akiba. Sasa hivi ninavyorudi, nitamkuta amelala chini palepale jikoni, au Mungu akipenda kitandani. Nitamlisha, nitamwogesha, nitamgeuza, hadi wiki ijayo. Na hapo ana koti."

Leokadia aliuliza kwa nini hawakusema.

"Niseme mbele yake? Mimi ni mkamwana. Nisimame nikuambie kwamba mama mkwe wangu hawezi kumpokea mgeni?" Editha alicheka bila furaha. "Nafundisha wastani, dada. Ukichukua siku moja ya karamu ukaiita mwaka, hata mtoto wa kidato cha kwanza namwekea kosa."

Kisha akaeleza lililobaki kwa sauti ileile ya darasani. Kabla ya koti, Bibi alianguka msalani asubuhi, akakaa pale sakafuni hadi yeye Editha alipotoka shule. Mume wa Editha alikuwa kazini melini, hurudi kwa msimu. Koti likiondoka, ama yeye ataacha kufundisha, ama siku moja atarudi akute kilichobaki sakafuni. Alisema hivyo, akaaga, akarudi nyumbani kwa haraka.

* * *

Kesho yake Leokadia aliwafunga wanafunzi wa mwaka wa kwanza mikono ya kulia. Lilikuwa zoezi la kawaida: kila mmoja mkono mmoja umefungwa kifuani kwa kitambaa, na mbele yake shati lenye vifungo. Walihangaika, wakauma kola kwa meno, wakafunga. Kijana mmoja mrefu alijisifu kwamba akipata kiharusi yeye hatamsumbua mtu. Darasa likacheka.

Leokadia akatoka nje. Hakwenda mbali. Alisimama penye dirisha la ukumbi, pale ambapo aliye nje huona ndani na aliye ndani haoni nje. Yule kijana mrefu alikuwa amemgeukia jirani yake amfungie vifungo. Wengine wawili walikwisha kufungua vitambaa. Msichana mmoja alikuwa ameweka shati pembeni, anakula karanga. Aliporudi ndani, mikono yote ilikuwa imefungwa na vifungo vyote vilikuwa vimesimama mahali pake.

Hakuwakaripia. Aliwaambia wamwandikie kila mmoja anavyofanya mambo akiwa peke yake, wakamtazama kama amewatukana.

Alasiri alikwenda ofisini kwa Daktari Novatus Rwechungura.

Novatus ndiye aliyekitunga Kipimo cha Siku. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ya chini, na ukutani kwake hakukuwa na shahada hata moja. Palikuwa na picha ya mama yake tu. Kabla ya kipimo, makoti yalitolewa kwa kujuana. Mama wa mkubwa fulani alikuwa na koti ambalo hakulivaa. Lilitundikwa sebuleni wageni walione. Mama yake Novatus alifariki akiwa kwenye foleni. Novatus alirudi shule, akasoma misuli, akasoma takwimu, na kwa kazi ya miaka mingi akatengeneza namba ambayo hakuna simu ya mkubwa iliyoweza kuibadili. Alikuwa na msemo wake: namba haina binamu.

Alimsikiliza Leokadia hadi mwisho, kisha akacheka kidogo, kicheko cha Mhaya anayewacheka Wahaya.

"Kwa hiyo tatizo letu ni maringo. Nchi nzima inajua."

Leokadia alisema si maringo, ni adabu, na kwamba yeye mwenyewe ameitafuna adabu hiyo nyumba baada ya nyumba pamoja na buni zake. Mpimaji kutoka mbali pengine angeshangaa kuona mgonjwa anamhudumia mtabibu. Yeye hakushangaa kwa kuwa ndivyo alivyolelewa. Kikapu kilipokuja, mkono ulikwenda wenyewe. Alimwonyesha Novatus kwenye kioo cha meza majina ya watu walionyang'anywa makoti mkoani, na mbele ya kila jina taarifa ya hospitali: ameanguka, ameungua, ameanguka. Walikuwa wameziona taarifa hizo muda mrefu. Walikuwa wameziita uzembe wa familia.

Novatus aliisogeza orodha hadi jina la mwisho. Kisha akaeleza jambo ambalo Leokadia alilijua kwa nadharia tu. Kikuku, hata kikiwa kimelala, hakilali kabisa. Ili kisipoteze usahihi huendelea kuuhisi mkono, joto lake, mpigo wake, muda ulioinuka na muda uliolala, na huyaweka hayo tumboni kwa siku kadhaa kabla ya kuyafuta. Sheria inakataza kufungua tumbo hilo pasipo ruhusa ya mwenye mkono. Hakuna aliyewahi kulifungua.

"Ufunguo wako unafungua na tumbo," alisema. "Unaubonyeza mara mbili, basi. Hata yeye hatajua."

"Unaniagiza?"

"Sikuagizi. Nakuambia linafunguka. Ukiniletea siku za mwanamke huyo alizokuwa peke yake, koti linabaki, na mimi nabadilisha kipimo kwa mkoa mzima. Ukiniletea huruma, siwezi kuifanyia kitu. Huruma ina binamu wengi."

Damu ilimpanda Leokadia. Alimkumbusha kwamba mwaka huohuo, katika ukumbi huohuo, walisimama wote wawili kuwaapisha wanafunzi: nitaingia mgonjwa aliponifungulia, na pale tu. Alimuuliza ni kitabu gani kitamfundisha mwanafunzi kuingia kwa dirisha halafu aitwe mtabibu.

Novatus hakukasirika. Aliitazama ile picha ya ukutani. Alisema kiapo ni kitu kizuri sana kwa mtu ambaye mama yake hakufa kwenye foleni.

Leokadia akasema basi atakwenda kuomba ruhusa, na akikataliwa atakaa huko hadi aone mwenyewe. Novatus akasema atakataliwa, na kwamba akikaa huko muda mrefu akipikiwa na kuhudumiwa, atakuwa amemchosha mgonjwa na namba yoyote atakayorudi nayo itakuwa ya uchovu. Leokadia akajibu kwamba kama kukaa kunaharibu namba, na kufika kuliiharibu vilevile. Alitoka bila kufunga mlango.

* * *

Jumanne alikuwa tena Kamachumu. Hakupeleka ujumbe. Lakini gari lilisikika kilimani, na alipofika mlangoni Bibi Auleria alikuwa amekwisha kusimama, amejishika kwenye kabati, kitambaa cha kichwa kimekaa upande. Koti lilikuwa msumarini. Kikapu kilikuja. Mkono uliosindikiza safari hii haukusindikiza vizuri. Buni mbili zilianguka, na Bibi akazitazama kama watoto waliomwaibisha mbele za watu.

Leokadia alimweleza yote bila kuficha: tumbo la kikuku, kilichomo, koti litakavyobaki kama atakubali lifunguliwe. Editha alikuwa mlangoni pake pa siku zote. Bibi alisikiliza huku akiutazama mkono wake wa kulia uliolala mapajani.

"Niliolewa mdogo," alisema. "Marehemu aliishi nami hadi mvi, na hakuwahi kuniona nikitoka kitandani kichwa wazi. Alizikwa hajaniona. Sasa wewe, mwanangu, unataka hiki kibangili kikusimulie nilivyolala juzi namsubiri huyu aje anigeuze?"

Leokadia alisema ni kwa ajili ya koti.

"Koti ni la serikali. Lilikuja, litakwenda. Ninavyokuwa pasipo mtu ni mali yangu, na sina mali nyingine iliyobaki. Chukueni koti. Hilo niachieni."

Leokadia aliona mkono wake mwenyewe umekwenda kwenye kola, vidole viko juu ya ufunguo. Ilikuwa kubonyeza mara mbili. Bibi alikuwa akifuta jasho, Editha alikuwa amegeuka anatazama migomba, na Leokadia alijua, jinsi mtu anavyojua kitu cha aibu, kwamba Editha amegeuka makusudi. Angefungua, na nyumba hii ingeokoka, na nyumba nyingine nyingi pamoja nayo, na hakuna ambaye angesema. Yeye tu angekuwa ameitazama mali ya pekee ya mtu akiwa amekatazwa, na tangu siku hiyo angepokea kikapu katika kila nyumba akiwa na jicho la mwizi.

Akaushusha mkono.

"Bibi, naomba kulala," alisema. "Gari lisije kunichukua hadi Ijumaa. Na nisikufiche: nikiwa hapa, kikuku kitakuwa macho muda wote. Usiku nao."

Uso wa Bibi ulichanua. Mgeni wa kulala ni heshima nyingine kabisa. Alimwambia Editha atandike chumba cha mbele, na kuhusu kikuku akasema kikae tu, kama kina tumbo atakipikia nacho.

Siku hiyo ilikuwa ngumu kutazama. Bibi alipika yeye, akasonga uji yeye, akakataa kuvaa koti maana mgeni hapokewi na mitambo. Leokadia aliketi kwenye kiti cha mgeni akahudumiwa, kila sahani ikimfikia kama tofali. Alijiuliza kama hili lilikuwa safi kuliko lile la tumbo. Kumkalia mtu hadi nguvu za kukuheshimu zimwishie, je, huo si wizi wa polepole? Alimweleza Editha hofu hiyo wakiwa kisimani. Editha alijaza ndoo yake kwanza. Kisha akasema tofauti ni kwamba mwizi hangoji kukaribishwa, na kwamba mama mkwe wake anajua kumfukuza mtu akitaka. Amekwisha kuwafukuza wachumba, wakopeshaji na padri mmoja.

Jumatano sahani zilipungua. Bibi alipika mchana tu, na jioni akamwacha Editha apike, akisema ametaka mgeni aonje na mkono wa mwenzake. Alisimulia habari za ujana wake akiwa ameegemea ukuta. Alisinzia katikati ya sentensi, akashtuka, akaomba radhi. Leokadia hakuandika kitu. Jicho la kijani lilikuwa wazi kwenye kifundo.

Alhamisi asubuhi Editha aliondoka mapema kwenda shule. Mvua ilikuwa imenyesha na senene, wale panzi wa kuliwa, walikuwa wameshuka. Jirani alikuwa ameacha bakuli lao zima kibarazani. Jikoni hakukuwa na sauti. Leokadia aliketi kwenye kiti chake, akangoja kama mgeni anavyongoja, hadi sauti ilipomjia kutoka chumbani. Haikuwa sauti ya kukaribisha.

"Wewe Leokadia. Utakaa hapo hadi matako yaote mizizi? Mgeni siku mbili."

Akaenda. Chumba kilikuwa na giza na harufu ya mtu aliyelala bila kugeuzwa. Bibi alikuwa kichwa wazi, nywele nyeupe fupi zimelala upande mmoja, na hakukifunika.

"Nigeuze kwanza, ubavu huu umekufa ganzi. Halafu maji. Ndizi ziko nyuma ya mlango, zimenye. Kisu ni hicho."

Leokadia alimgeuza. Mikono yake ilijua namna, ilikuwa imewafundisha wengine: goti likunjwe, bega lishikwe, uzito uhamishwe kwa mkupuo mmoja. Mkono wa kulia wa Bibi ulikuwa umejikunja kifuani kama ngumi ya mtoto mchanga, ikabidi aukunjue kidole kwa kidole ndipo aweze kumwogesha. Mkono huohuo alikuwa ameushuhudia ukifunga vifungo. Bibi alitazama dari akaendelea kuzungumza habari za senene, kwamba wa mwaka huu ni wadogo, kwamba zamani mwanamke aliwakusanya akawatengeneza na mume ndiye aliyewala, na kwamba yeye alikuwa akiiba wachache tangu usichana na hakuna aliyemkamata.

Baada ya kumvisha alimkalisha juu ya mito, akamwekea bakuli mapajani kwa kuwa aliliomba. Bibi alianza kuwanyonyoa senene mabawa na miguu kwa mkono wa kushoto peke yake, huku wa kulia umewekwa juu ya ukingo wa bakuli kulizuia lisiteleze. Alikwenda taratibu, alipumzika, aliendelea. Kipimo cha Siku hakikuwa na swali la senene. Leokadia alimenya ndizi sakafuni, kisu kikimkatalia.

"Nani alikufundisha kumenya hivyo? Umeacha nusu ya ndizi kwenye ganda. Mbuzi watakushukuru."

"Kituoni tunanunua zilizomenywa, Bibi."

"Nilijua. Karatasi."

Leokadia aliweka kisu chini. Alijua lazima aseme sasa, kabla ya kitu kingine, hata kama kusema kungemrudisha Bibi jikoni, amefunga kichwa, kikapu mkononi.

"Bibi, kikuku kiko macho. Kimeona haya yote ya asubuhi. Mchana kitajumlisha. Ukiniambia nitoke nje na ufunguo, natoka, na ya leo yatafutika."

Bibi alinyonyoa senene mmoja, akamtupia bakulini. Akaugeuza mkono wa kulia kwa kuusukuma na wa kushoto, hadi jicho la kijani likamtazama usoni. Wakatazamana.

"Kimelala hapa, kimekula hapa," alisema. "Nacho si mgeni tena. Kiache."

Mchana kikuku kilijumlisha. Thelathini na nne.

Koti lingebaki. Yule fundi seremala wa Muleba angeendelea kungoja, na Leokadia alijilazimisha kumfikiria, mikono yake, randa iliyotundikwa. Novatus angesema ni uchovu. Angetaka nyumba nyingine, kisha nyingine, na angekuwa na haki ya kutaka. Wapimaji wa mkoa hawakutosha kulala hata katika nusu ya nyumba hizo. Alichukua kioo chake cha mkononi akaandika taarifa fupi kuliko zote alizowahi kuandika: namba, na chini yake maneno haya, *Imepimwa siku ya tatu. Mpimaji alimenya ndizi.* Akaituma kituoni kabla hajapata muda wa kuipamba.

Akalitoa koti msumarini, akamvalisha Bibi, mkono mbaya kwanza, kama anavyowafundisha wanafunzi. Nyuzi zilijikunja. Ngumi ya mtoto mchanga ikafunguka juu ya bakuli, ikaokota senene, ikamshika.

Leokadia aliketi tena sakafuni. Alikuwa na njaa, na mdomo ulikuwa mkavu, na bila kujua alitazama upande wa kabati.

"Kikapu kiko mlemle," Bibi alisema bila kuinua kichwa. "Ukitaka kahawa, miguu unayo."

Leokadia akainuka, akalifungua kabati. Alitafuna buni moja yeye kwanza, kama mwenye nyumba, kisha akampelekea Bibi kikapu.